Barua kwa Wanaolea Watoto Wadogo: Akiharisha, Mpeni Kunywa Kwanza

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia akina mama na akina baba wenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja nanyi mnaobaki nao wazazi wakienda kazini. Nimeuguza watoto hadi nikastaafu, na kuna jambo linaloniuma mpaka leo. Mtoto anaharisha tangu jana, nyumba nzima inahangaika kutafuta dawa ya kufunga tumbo, na hakuna aliyemshika akamnywesha.

Kuharisha kwa umri huu mara nyingi huletwa na virusi, na wengi hupona ndani ya wiki moja hivi. Kinachoua ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini bila kurudishwa. Basi anzeni kurudisha tangu choo cha kwanza cha majimaji. Msingoje alegee. Na tafadhali msiseme "anaota meno tu" mkaachia hapo. Meno hayamkaushi mtoto maji.

Mtoto mwenyewe atawaonyesha alipofikia, mkimtazama. Je, anakojoa kama kawaida, au nepi imekaa kavu kwa saa nyingi? Akilia, machozi yanatoka? Mdomo una mate, au umekauka? Akiwa msumbufu, macho yameanza kuingia ndani, na akiona kikombe anakirukia kwa kiu, maji yamepungua tayari. Mfinyeni ngozi ya tumbo, kando ya kitovu, kisha mwachieni. Kwa kawaida hurudi papo hapo. Ikirudi polepole, ni dalili ya upungufu. Ikikaa zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya. Ila kwa mtoto aliyekonda sana au mnene sana ngozi hudanganya, kwa hiyo msiitegemee peke yake. Ninachokiogopa zaidi ni mtoto aliyenyamaza. Anayelia bado ana nguvu. Aliyelegea, anayesinzia na kukataa hata kunywa, huyo ni wa hospitali sasa hivi.

Dawa ya kwanza ni ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kwenye pakiti unaochanganywa na maji ya kunywa. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India, kipindupindu kilikuwa kikiua watu wengi na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, na vifo vikashuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Sukari hiyo haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Ndiyo inayosaidia utumbo kuivuta chumvi, na maji yakafuata. Kwa sababu hiyo vipimo havichezewi. Someni pakiti inataka maji kiasi gani, nyingi ni lita 1, na mtumie maji safi. Msikadirie kwa macho, maana chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Msiongeze sukari wala maziwa. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwageni. Soda na juisi tamu haziwezi kuchukua nafasi yake. Sukari nyingi huyavuta maji kuingia utumboni, na kuharisha kunazidi.

Kila anapoharisha, aliye chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100, aliyezidi hapo mililita 100 hadi 200. Mnaniambia, "Bibi, anatapika yote." Sikilizeni: akitapika, subirini dakika 10, kisha anzeni upya kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Mkimpa kikombe kizima kwa mara moja, lazima kirudi. Kazi hii inachosha, najua, hasa usiku. Pokezaneni. Baba naye ana mkono wa kushika kijiko.

Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Anayekula apewe chakula chake kidogo kidogo. Kumnyima chakula ili "tumbo lipumzike" kunamdhoofisha. Ombeni zinki, madini yanayosaidia mtoto anayeharisha apone, kwa mhudumu wa afya, naye atawapa kipimo cha umri wake. Hutumika siku 10 hadi 14, na msiikatishe choo kikishaganda. Vidonge vya watu wazima vya kuzuia kuharisha msimpe kabisa, na antibayotiki msijinunulie, kwani haiui virusi.

Damu kwenye choo, matapishi ya kijani, kutapika kila anachomeza, degedege, homa kali, tumbo lililovimba au kuharisha kwa zaidi ya siku chache bila nafuu, haya yote yanataka mtaalamu. Aliyelegea msimpe muda wa kuona "kama kesho ataamka vizuri". Ondokeni, na ORS mkiwa mmeibeba. Kama bado yuko macho na anameza, mpeni kijiko kimoja kimoja njia nzima mpaka mnampokeza kwa muuguzi.

Wenu awapendaye,
Bibi, muuguzi mstaafu