Laptopu ya mtu wa njiani achague anayeibeba

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na mabosi wanaowanunulia laptopu watu wao wa mauzo. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisini kwetu ndo sasa wanapanga kununua mashine nyingine. Karatasi ya mahitaji nimeiona, imejaa habari za prosesa na ukubwa wa skrini, betri haina hata mstari mmoja, na sisi tunaozunguka hakuna aliyeulizwa.

Mimi natokea Mbale, nauza sabuni na mafuta ya kupikia, njia yangu ni Soroti, Moroto mpaka Kotido. Laptopu niliyopewa inakaribia kilo mbili na nusu, hapo chaja bado, na chaja yenyewe ni kama tofali. Ukishinda nayo mgongoni kwenye bodaboda, jioni mabega yanawaka. Uzito lakini naweza kuuvumilia, kinachoniumiza ni chaji.

Kuna siku nilikuwa Kotido kwa mama mmoja mwenye duka la jumla, ameagiza katoni arobaini, nimeshaandika ankara ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato Uganda, imebaki kubonyeza tu, laptopu ikazima. Umeme ulikuwa umekatika toka asubuhi. Pawa benki ninayo, ya mAh 20,000, ila hii laptopu inataka chaja yake ya pini ya duara, volti 19, kutoka USB haipokei kitu. Mama akaniambia, "Mwanangu, mimi bila risiti silipi, na yule mwenzako wa sabuni nyingine anapita kesho." Nikamwambia sawa mama, nimekuelewa. Kesho yake mwenzangu akapita kweli na katoni arobaini zikawa zake.

Sasa sikilizeni hesabu yenyewe. Pawa benki ya 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, na betri za laptopu nyingi nyepesi ziko kati ya 45 na 57, kwa hiyo hata ukitoa umeme unaopotea wakati wa kuchaji, laptopu inayochajiwa kwa USB-C na pawa benki yenye nguvu ya wati 45 au 65 inajaa karibu mara nzima. Waya huohuo unachaji simu. Na kwenye gari kuna chaja ya USB-C unachomeka pale pa kuwashia sigara, mkifika Moroto imejaa. Kwangu mimi hilo ndo swali la kwanza dukani, prosesa ije baadaye.

La pili ni skrini. Mwanga wa niti 250 ukikaa barazani kwa mteja saa saba mchana huoni kitu, unajiona mwenyewe kama kwenye kioo, tafuteni 400 na isiyong'aa. Diski iwe SSD, maana zile za kuzunguka barabara zetu zinaziua, na ram isiwe chini ya GB 8.

Pesa najua ni shida, na used za Kampala sizikatai kabisa. Ila angalieni kizazi cha prosesa, kama ni Intel iwe kuanzia cha 8, la sivyo Windows 11 rasmi haitaikubali na mtakuwa mmenunua tatizo lilelile tulilotoka nalo. ThinkPad T480 kwa mfano ni ya 2018 lakini yenye prosesa ya kizazi cha 8 inakubali Windows 11, inachaji kwa USB-C, na betri yake ya nyuma unaichomoa unaweka nyingine bila kuzima, mimi ningeichukua leo hii kuliko mpya ya kung'aa isiyomaliza mchana.

Wengine wanasema tupeni simu tu. Kwa oda ya haraka simu inatosha, lakini kaa nayo ulinganishe madeni ya maduka sitini kwenye Excel halafu unieleze macho yako yakoje.

Jumamosi asubuhi sisi wote wa njia za mashariki tunakuwa stoo Mbale kufunga hesabu. Leteni mashine mbili tatu za kujaribu, tuzitoe pale uani kwenye jua, chaja zibaki ndani, tufanye nazo kazi mpaka saa nane tuone ipi bado inawaka.

Mtu wa mauzo,
Mbale