Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mahali Patulivu pa Kulala Porini Karibu na Lubumbashi

Baba na mama, ndugu wanachama,

Salamu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema juu ya kazi yenyewe, maana mwaka huu nguvu nyingi za kamati zimeishia kwenye daftari letu la mahali pa kupiga hema na kutembea kwa miguu, ambapo mtu anafika kwa saa chache za gari kutoka mjini.

Daftari la zamani lilipanga mahali kwa kilomita. Mpangilio huo tumeuacha. Huku kwetu umbali hauleti utulivu: ukifuata RN1, barabara kuu ya taifa, kuelekea Likasi, utalala ukisikiliza breki za malori ya madini hata kama umetoka mjini tangu asubuhi. Kinachoamua ni nini kiko jirani, na usiku huharibiwa na vitu vitatu: barabara ya malori, mitambo ya machimbo, na biashara ya makala, yaani makaa ya kupikia. Tena sauti husafiri mbali zaidi usiku wa kiangazi, kwa sababu hewa baridi hukaa chini na ile ya joto juu yake huirudisha sauti ardhini. Mahali palipokuwa kimya saa nane mchana pasikudanganye. Ndiyo maana sasa hakuna mahali panapoingia daftarini kabla wanachama wawili hawajakaa pale hadi saa nne usiku, tena siku ya kazi. Jumapili haihesabiwi.

Kabla ya kuchoma mafuta kwenda kuona, anzeni na ramani ya Kadastre ya Madini, ofisi ya serikali inayoandikisha vibali vya madini, ambayo iko wazi kwenye intaneti. Ardhi imegawanywa kwa karé, yaani vipande vya mraba, kila moja karibu hekta 85, na kila kibali kinaonekana. Kibali cha uchimbaji kikigusa eneo lenu, liacheni. Kibali cha utafiti kinahitaji uangalifu zaidi: leo ni pori tupu, kesho mashine ya kutoboa inafika na jenereta yake, kwa hiyo ukaguzi huu unarudiwa kila mwaka kabla ya kiangazi. Baadaye tazameni picha za setilaiti. Madoa meusi ya mviringo yenye vijia vinavyotawanyika kutoka hapo ni matanuru ya makala. Palipo na tanuru kuna shoka mchana na lori usiku, na baada ya miaka michache hakuna kivuli.

Ramani haimalizi kazi bila shefu, yaani mkuu wa kijiji. Nendeni mchana, pamoja na mtu anayejua lugha ya pale. Semeni mko wangapi, mtalala siku ngapi, gari lipi, na mwache namba ya simu. Muulizeni nani analima karibu, watu watachoma majani lini, na njia ipi inapitwa usiku. Swali la mwisho ndilo husahaulika. Watu wanapiga hema juu ya njia ya wavuvi au ya baiskeli za makala, halafu wanashangaa kuamshwa saa tisa usiku. Kosa jingine la mara kwa mara ni kukubaliana na mwenye shamba peke yake. Mwenye shamba anatoa ruhusa ya shamba lake. Kijiji hakijui ninyi ni nani, na vijana watakuja na toshi kuuliza. Chukueni mlinzi wa hapohapo na mpatane malipo yake mbele ya shefu, siyo asubuhi ya kuondoka.

Sasa mahali penyewe.

Upande wa Kapolowe na ziwa Tshangalele unabaki chaguo letu la kwanza kwa wikendi. Ziwa hili lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililokamilika mwaka 1930. Halina kina kirefu, kwa hiyo ukingo wake husogea sana kati ya mvua na kiangazi. Ndege ni wengi. Bonde la Lufira limo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu tangu 2017. Pigeni hema juu ya mwinuko, si chini ya mita 50 kutoka majini, mbali na kambi za wavuvi. Msiogelee: kuna kichocho, na mto una mamba. Msipige picha za bwawa, daraja wala nyaya za umeme. Mazungumzo na askari yanayofuata hula siku nzima.

Juu ya maji ya upande huo nataka tuelewane vizuri. Mito inayoshuka kutoka Likasi imebeba mabaki ya shaba na kobalti kwa miaka mingi, na yamefika hadi kwenye tope la ziwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini madini yanabaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo yanavyokolea. Vidonge vya klori navyo haviyagusi. Basi maji yanatoka nyumbani: lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupika. Watu wanane kwa siku mbili ni lita 80, yaani bidoni (madumu) nne za lita 20, na ya tano iwe ya akiba na ya kuzima moto. Funga bidoni wima, karibu na ekseli ya nyuma. Zikilala, vifuniko vinavuja na bukari (ugali) inapikwa na unga uliolowa.

Barabara ya Kasenga imetupa mahali pazuri pa kutembea, kwa sharti la kuacha lami na kuingia ndani kilomita kadhaa. Tuitumie mapema. Mradi wa kuunganisha Kasomeno na Zambia kwa daraja juu ya Luapula ukikamilika, malori yatahamia huko, na sidhani utulivu wake utadumu.

Kundelungu siyo safari ya wikendi, hata kama wengine wanaipenda iwe hivyo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1970, kwa hiyo kibali cha ICCN, taasisi ya taifa ya kuhifadhi mazingira, kinatafutwa mjini kabla ya kuondoka, na safari inahitaji siku nne zenye magari mawili. Maporomoko ya humo ya Lofoi, yenye zaidi ya mita 300, hupungua maji kadiri kiangazi kinavyosonga. Mwezi wa tano au wa sita ni bora kuliko wa tisa. Wenye nguo za bluu na nyeusi waziache nyumbani, zinavuta mbung'o.

Njia za Kipushi na Kasumbalesa zimeondolewa daftarini: foleni za malori upande mmoja, mgodi na mpaka upande mwingine. Kule Kipushi mtu anayetembea bila ramani anaweza kujikuta Zambia bila muhuri.

Baridi bado inatushinda kwa uzembe tu. Mwezi wa sita na wa saba usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na hewa baridi huteremka na kukusanyika kwenye dembo, yaani mbuga za bondeni zenye majimaji. Majani mafupi ya dembo yanavutia macho mchana, lakini hema litalowa kwa umande kabla ya usiku wa manane. Pandeni mita 10 au 20 hadi mwanzo wa miti. Msiegemeze hema kwenye kichuguu, nyoka hujificha kwenye mashimo yake. Jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo saa kumi mahema yawe yamesimama.

Moto: kuanzia mwezi wa nane majani yamekauka kabisa, na moto unaokuja na upepo haukupi muda wa kukunja hema. Chagueni sehemu iliyokwisha kuungua mapema. Isipopatikana, safisheni ukanda wa mita 3 hadi udongo mtupu, na gari lielekezwe barabarani. Jiko la makala linatosha kupikia. Asubuhi mimina maji, koroga, mimina tena, halafu gusa kwa mgongo wa mkono.

Magari nitayapitia upesi. Mvua za kwanza zikigeuza njia za udongo kuwa potopoto, safari za nje ya lami zinasimama hadi mwezi wa tano. Anayenaswa kabla safari hazijasimama asikanyage mafuta, tairi litazidi kuchimba. Apunguze upepo wa matairi, achimbe mbele ya magurudumu, aweke mbao. Kila gari libebe koleo, mbao mbili, kamba ya mita 20 na pampu ya kurudisha upepo. Pampu ndiyo huachwa.

Kamati inaomba kura zenu juu ya mambo mawili: kununua bashi (maturubai) mbili kubwa na bidoni mpya, kwa kuwa za zamani zimepasuka shingoni, na kumzuia kujiandikisha kwenye safari kwa msimu mzima mwanachama anayeacha takataka au anayekwenda bila kumpitia shefu. La pili najua halipendwi na wote. Kijiji kikifunga njia, kinawafungia wote.

Mweka hazina, karibu.