Barua kwa mwanangu: uliambiwa karibu, ukakaribia

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu maneno ya kwenye karatasi unayapenda kuliko ya mdomoni. Ya mdomoni huja na sauti na sura, umewahi kuniambia, na hujui ushike lipi. Haya yametulia, yarudie utakavyo.

Nianze na ile siku ya ungo. Ulikuwa na miaka 7, nikakutuma kwa jirani. Ukawakuta wanakula, wakasema, "Karibu tule." Ukanawa, ukakaa mkekani, ukala ukashiba, ukashukuru, ukarudi na ungo. Jioni maneno yakanifikia: mtoto hana adabu, hakufundishwa kusema "ahsante, nimeshiba". Nikakuchapa. Fimbo ile, baba yangu, inaniuma mpaka leo. Uliambiwa karibu, ukakaribia. Kwetu kuna karibu ya chakula na karibu ya salamu tu, na anayezijua hakumbuki alifundishwa na nani. Nilikuadhibu kwa jambo ambalo sikuwahi kukueleza.

Miaka miwili baadaye daktari akalitaja neno usonji, yaani ubongo ulioumbwa kuwasoma watu na dunia kwa namna yake. Nilikuwa nimeshaambiwa mengi: umerogwa, nimekudekeza, una kiburi. Moja ya dalili anazotazama daktari ni mtoto kutomwangalia mtu machoni, na hapa kwetu mtoto anayeinamisha macho mbele ya wakubwa husifiwa. Wewe ulisifiwa hivyo mpaka darasa la tatu.

Halafu shule. Ulimwambia mwalimu mbele ya darasa kwamba jibu la ubaoni si sahihi. Akauliza, "Kwa hiyo mwalimu ni wewe?" Ukajibu, "Hapana, ni wewe." Viboko vinne. Niliitwa, nikaomba radhi kwa niaba yako kabla ya kuuliza chochote. Usiku nikafungua daftari lako, nikakokotoa mwenyewe. Ulikuwa sahihi. Radhi ile nilipaswa kukuomba wewe, na ninakuomba sasa.

Yule aliyekopa nauli yako kwa "nitakulipa kesho", ukawa unarudi kwa miguu wiki tatu, hakukuonea kwa kuwa u mjinga. Wewe ukisema kesho, ni kesho, ukadhani na wenzako ni hivyo. Mtu asipolipa mara ya kwanza, ya pili mwambie huna, kisha njoo uniambie.

Yuko mtafiti Uingereza, Damian Milton, naye ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: ninyi mnapata shida kutusoma sisi, nasi tunapata shida kuwasoma ninyi. Lakini lawama inaangukia upande wenu tu. Nilipolisoma hilo nilizima simu, nikakaa gizani kwa muda. Miaka yote hiyo nilikufundisha wewe jinsi ya kuishi na watu, na watu sikuwafundisha kitu.

Juzi uliniuliza utajuaje kama yule binti anakupenda. Watu watakuambia mapenzi husomwa machoni. Wewe muulize kwa maneno, kwa upole, mkiwa peke yenu. Akisema hapana, ichukue kama ilivyo, usiitafutie maana nyingine. Akicheka, huenda ni haya tu. Mwambie akujibu wazi.

Huwa nakesha nikiwaza nani atakuwa nawe nisipokuwepo. Siku hizo namkumbuka Donald Triplett wa Marekani, wa kwanza kati ya watoto 11 ambao daktari Leo Kanner aliwaeleza mwaka 1943 katika maandishi yake kuhusu usonji. Aliishi mji mdogo wa Forest, Mississippi, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Mji ulimzoea. Nataka na ukoo wetu ukuzoee, na nimeanza na mama mkubwa.

Jumamosi kwenye harusi ya binti yake hutawapa mkono watu wote. Shikamoo kwa wazee inatosha. Spika zikizidi, usijibane ukumbini kwa ajili yangu: pita mlango wa jikoni, chini ya mwembe atakuwa amekuwekea kiti. Atakayekuuliza, mwambie unapumzika. Pilau nitakuletea mwenyewe, kachumbari kwenye sahani yake, visigusane.

Mama yako