Yaya, safari hii ni ya watu wawili

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa,

Orodha yako ya visiwa nimeisoma yote, pamoja na majina ya viwanja vya gofu uliyoyapigia mstari. Nimefurahi kwa moyo wote. Mtu aliyeanza kwa kubeba mifuko ya wakubwa akiwa mtoto, kule mtaa wa Golf, leo anataka kumchukua mke wake wakacheze na kupumzika mahali ambapo nchi kavu inaishia. Hayo ni matunda ya jasho lako, asikuambie mtu kwamba ni majivuno. Nakuandikia hadharani kwa sababu hapa Lubumbashi ziko ndoa nyingine zinazojiandaa kusherehekea miaka yao, na katika nyingi kati ya hizo mume ndiye ameshika kalamu ya mipango peke yake.

Hapo ndipo penye shida. Umeandika visiwa sita, na kila siku umeandika utacheza wapi. Jina la wifi sikuliona hata mara moja. Mashimo 18 kwa miguu yanakula nusu ya siku, na upepo wa baharini ukivuma yanakula zaidi. Ukishamaliza utataka kuketi na wenzako mhesabu mapigo. Yeye atakuwa wapi muda huo wote? Hotelini, anaangalia simu, akingoja mtu arudi amechoka. Miaka yote hii amekungoja Jumamosi nzima mpaka bukari (ugali) inapoa mezani. Asivuke bahari ili akangoje tena.

Ninachokuomba ni hiki: chagua kisiwa kimoja, au viwili vinavyoshikana, chenye kiwanja kimoja unachokitamani kweli, mkae hapo siku za kutosha. Tena kiwe kisiwa ambacho wifi angependa kukiona hata kama gofu isingekuwepo duniani.

Kwa kipimo hicho orodha inapungua haraka. King Island ya Australia, kati ya Melbourne na Tasmania, ina Cape Wickham, kiwanja kilichofunguliwa 2015, na wachezaji wakubwa wanakisifu. Mnara wa taa ulio pale umesimama tangu 1861, mita 48, mrefu kuliko minara yote ya taa Australia. Ni kizuri sana. Lakini kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, mpaka pale ni ndege juu ya ndege, na wewe unataka kwenda mwezi wa saba, wakati ambao kwao ni baridi na mvua za pembeni. Ukitoa gofu, kwa wifi kinabaki kisiwa cha ng'ombe na jibini. Kiache.

Ascension, katikati ya Atlantiki, najua kwa nini umeiweka. Grini zake, pale penye shimo, si majani, ni mchanga uliochanganywa na mafuta, na mchezaji anayerudi na hadithi hiyo anasikilizwa mwaka mzima. Hiyo ni safari ya kwenda na rafiki zako, si na mke.

Cha Aisilandi kimenigusa zaidi. Kisiwa cha Heimaey kina kiwanja ndani ya bonde la volkano, na mwezi wa kwanza 1973 ardhi ilipasuka pembeni ya mji, watu wakahamishwa kwa mashua usiku uleule, kisha wakapigana na lava kwa kuimwagia maji ya bahari ili isizibe bandari yao. Familia yetu ya Goma, iliyoona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji mwaka 2002, ingeelewa kila jiwe la pale. Ila viza yake ni ya Schengen, na ukiunganisha na Uskoti unaomba viza mbili kwa safari moja. Siku nyingine, Mungu akipenda.

Île aux Cerfs ya Morisi nayo ni nzuri: kiwanja kizima kisiwani, kilichochorwa na Bernhard Langer, kimefunguliwa 2003, na unafika kwa mashua. Lakini mashua hizohizo zinamwaga watalii kutwa nzima, nawe unatafuta upweke. Praslin ya Shelisheli nitairudia chini.

Sasa South Uist. Hiki, yaya, nakitetea kwa nguvu zote.

Ni kisiwa cha Hebrides, magharibi ya Uskoti, na kiwanja chake ni Askernish. Mwaka 1891 aliitwa Tom Morris mzee wa St Andrews kuja kukipanga. Unamjua vizuri kuliko mimi: fundi wa mipira aliyekuja kushinda mashindano makubwa ya The Open mara 4, kati ya 1861 na 1867. Alipofika South Uist alikuwa na umri wa miaka 70 hivi. Alikuta vilima vya mchanga vilivyofunikwa na majani mafupi, bahari ikiwa pembeni, akaona mashimo yamekwisha kuchongwa na upepo. Baadaye dunia ikasahau. Wenyeji waliendelea kupiga mipira yao kwenye sehemu ndogo tu ya uwanda, na kazi ya mzee ikalala chini ya majani mpaka 2005, pale mtaalamu wa viwanja Gordon Irvine alipofika akayasoma yale maumbo ya ardhi. Watu wa kisiwani walijitolea kukifufua, kikafunguliwa tena 2008. Hakitunzwi kwa dawa wala mbolea za viwandani, na wakati wa baridi mifugo inalisha humohumo.

Haikuwa rahisi. Baadhi ya wafugaji wadogo walipinga, wakihofia haki zao za malisho, na kesi ikafika mahakamani. Sisi watu wa Katanga tunajua maana ya ardhi inayotakiwa na wawili. Kilichonipa heshima kwa kisiwa hiki ni kwamba mwaka 2006 wakazi wenyewe walinunua karibu ardhi yote waliyokuwa wakiishi juu yake kama wapangaji, kupitia chama chao, Stòras Uibhist. Pesa utakayolipa kucheza haitakwenda kwa tajiri asiyeonekana.

Lakini nimesema kipimo ni wifi, basi nisikilize hapa.

South Uist ni kisiwa cha Wakatoliki. Karibu na kiwanja, kijiji cha Daliburgh, liko kanisa la Mtakatifu Petro. Juu ya mlima wa Rueval imesimama sanamu ya Bikira Maria ya jiwe la matale, kazi ya Hew Lorimer, iliyowekwa 1957, Mama amembeba Mtoto begani na wote wawili wanatazama visiwa vyao. Mwanamke aliyetumikia Legio ya Maria tangu usichana, akipanda kilima kile kwa miguu na rozari mkononi, atakuwa na safari yake mwenyewe ya kusimulia atakaporudi kwenye mkutano wao. Tena umpandishe wewe. Siku hiyo fimbo zibaki garini.

Ukishuka kusini, barabara iliyojengwa juu ya bahari inakupeleka Eriskay. Kule liko kanisa la Mtakatifu Mikaeli, la 1903, ambalo altare yake imekaa juu ya omo (sehemu ya mbele) ya mashua. Wavuvi ndio waliosali humo. Halafu feri ndogo inavuka dakika 40 hivi mpaka Barra, ambako kuna kiwanja cha mashimo 9 chenye uzio kuzunguka kila grini ili ng'ombe wasiingie. Hapo mcheze wote wawili. Ndiyo, wote. Mashimo tisa, ng'ombe wanatazama, hakuna wa kuwaharakisha nyuma yenu: akitaka kujifunza kupiga mpira mara ya kwanza, sioni mahali pa upole zaidi ya hapo.

Na kuna nguo. Wifi anauza vikwembe (vitenge) tangu kabla hamjaoana, anajua kitambaa kwa kukisugua kwa vidole viwili. Kitambaa kinachoitwa Harris Tweed, kwa sheria ya Uingereza ya 1993, lazima kifumwe kwa mkono na wenyeji majumbani mwao humo visiwani, la sivyo hakiruhusiwi kubeba jina hilo. Kisiwa cha Harris kiko kaskazini, kama saa moja kwa feri kutoka kisiwa cha Berneray. Nendeni katikati ya wiki, mlale huko, amwone mfumaji akikanyaga kitanda chake cha kufumia, aulize bei, abishane kidogo kama anavyojua. Kiwanja cha Scarista kiko hapohapo pwani kama utataka kupiga mipira jioni, lakini jua kwamba watu wa Harris wanaishika Jumapili, siku hiyo hawachezi. Jumapili muwe South Uist kwenye misa.

Siku zenyewe zipange hivi. Mwezi wa sita kule jua linazama kama saa nne na nusu usiku. Sisi tuliozoea giza la saa kumi na mbili hatuwezi hata kuliwazia jambo hilo. Maana yake huna haja ya kumwibia asubuhi. Asubuhi na mchana viwe vyenu wawili: pwani, kanisa, barabara, chakula. Mkila chakula cha jioni mapema, yeye akitaka kupumzika, wewe unakwenda uwanjani saa kumi na mbili na kumaliza mashimo yote mwanga ungalipo. Wala usicheze kila siku. Siku tatu za Askernish katika wiki moja zinatosha, na utakikumbuka kila kilima kuliko yule anayeruka viwanja vinane kwa siku nane. Kwa sababu hii nakushauri utangulize safari, mwezi wa sita badala ya wa saba. Isitoshe, huo ndio wakati uwanda ule wa pwani unapoanza kujaa maua.

Kuhusu njia: Luano mpaka Addis Ababa, Addis mpaka London, London mpaka Glasgow. Ukipita hivyo viza ya kuhangaikia ni ya Uingereza peke yake, na paspoti yetu inaitaka. Anza kuiomba miezi mingi kabla, na usilipe hoteli isiyorudisha pesa kabla hujaishika mkononi. Kutoka Glasgow kuna ndege ndogo inayotua Barra juu ya mchanga wa pwani, na ratiba yake inafuata maji kupwa na kujaa. Wifi ataiogopa, kisha ataisimulia maisha yake yote. Lakini ndege hiyo haichukui hata watu 20, hivyo uliza mapema habari ya mfuko wako wa fimbo. Mimi ningekodi gari Glasgow, niende nalo mpaka Mallaig, nipande feri ya Lochboisdale, bandari ya South Uist, mwendo wa saa tatu na nusu hivi, na mfuko ukae nyuma bila maneno. Kule wanaendesha kushoto kama Zambia, na wewe unavuka mpakani Kasumbalesa kwenda kucheza Ndola, kwenye kile kiwanja chenye vichuguu vikubwa, basi mkono umeshazoea. Barabara nyingi za kisiwani ni za gari moja, zenye sehemu za kupishana. Mwenye kupisha anainua mkono, nawe uinue.

Upepo ukizidi feri hazitoki. Acha siku mbili tupu mwishoni kabla ya ndege ya London, usibane. Nyumba za kulala wageni ni chache, kwa hiyo zitafute mara tu viza ikitoka. Makoti yale mnayovaa asubuhi za mwezi wa saba hapa nyumbani yatafaa, ongezeni ya kuzuia mvua. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau, hata kama ni kwa ajili ya njia tu.

Na viza ikikataliwa? Inawezekana, tusidanganyane. Hapo ndipo Praslin inapoingia. Shelisheli haidai viza, inadai kibali cha kuingia kinachoombwa kwenye intaneti, na sisi tunaotoka Kongo lazima tuonyeshe kadi ya homa ya manjano. Kiwanja cha Lémuria kina mashimo 18, kinaanzia chini kwenye minazi na kupanda milimani mpaka unaona bahari pande zote. Kwa wifi kuna bonde la Vallée de Mai, msitu wa ule mnazi wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani, uliowekwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1983, na kisiwa cha La Digue kiko jirani kwa mashua. Ni ghali, na upweke unaoutafuta hutaupata wote. Lakini maji ni ya uvuguvugu, na mwanamke aliyezaliwa Likasi, ambaye maji makubwa aliyoyaona ni ziwa, ataingia baharini mpaka kiunoni bila kutetemeka. Hilo peke yake lina uzito.

Pesa ya likelemba, mchango wa zamu, inatoka mwezi wa kumi na moja, najua, na ni zamu yake, si yako. Kabla hujatuma franka moja popote, keti naye, mwonyeshe picha za Rueval, za wafumaji, za ndege inayotua mchangani, na za Praslin pia. Usimwambie kipi unakitaka. Akishachagua, nipigie simu, nami nitaanza kukusanya karatasi za viza kutoka upande huu: za benki, za kazi, na cheti cha ndoa kilichopigwa muhuri mpya, kwa sababu kile chenu cha zamani maandishi yamefifia.

Mdogo wako,
Kampemba, Lubumbashi