Mjukuu wangu ataka hina nyeupe

Mhariri,

Mtakumbuka ile habari yenu ya likizo ya Agosti kuhusu watoto na runinga, mliyoipa karibu ukurasa mzima na picha ya mtoto aliyekodoa macho mbele ya skrini. Mlituambia tuwakalishe mbali, tuwapunguzie saa, tuwashe taa chumbani. Ahsanteni. Nimewasoma miaka mingi, gazeti likivushwa kwa boti kutoka Mokowe na kunifikia limekunjamana, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Lakini habari nzima ya watoto na katuni isiyo na neno moja juu ya hizo katuni zenyewe, hiyo imenikwama kooni.

Mimi ni mpaka hina, hapa Langoni, Lamu. Mwaka wa 31 huu. Juzi baada ya Alasiri nilikuwa ndani nachekecha hina ya bibi harusi, na watoto wako nje barazani wakiigiza katuni waliyoitazama mchana. Mjukuu wangu ana miaka sita. Ni mweusi wa kung'aa, nywele zake za kipilipili, na siku hiyo alikuwa amechukua leso yangu ya manjano akaifunga kichwani, ncha moja ikining'inia mgongoni hadi kiunoni. Hizo ndizo nywele za binti mfalme. Akawa anazirusha huku na huku kwa shingo. Nikamsikia binamu yake, mweupe huyu, nywele za singa, anamwambia kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake njia: "Wewe huwezi, wewe ni mtawi." Wala hapakuwa na ugomvi. Mwenyewe alikubali. Kumbe kila siku yeye ni mchawi, na siku ambayo hadithi haina mchawi huwa punda. Nikaendelea na hina yangu, watoto ni watoto. Kidogo nikasikia sufuria zinagongana jikoni. Nilimkuta amesimama juu ya kigoda, mkono ndani ya mfuko wa unga wa ngano, uso wote mweupe, na pale juu ya mdomo jasho limeshafanya donge. Nikamwosha. Alinyamaza kimya mpaka nilipomaliza, kisha akatazama bakuli langu, akatazama maji yaliyokuwa yakiteremka meupe, akaniuliza: "Bibi, hunayo hina nyeupe? Ile isotoka kwa maji?"

Basi mhariri, niwashe taa gani ya chumbani?

Binti yangu wa pili anafundisha chekechea, na usiku ule alinieleza mambo ambayo ningependa kuyasoma kwenu badala ya vipimo vya umbali wa kiti. Kwamba Kenneth Clark na mkewe Mamie, wanasaikolojia, Wamarekani weusi, katika miaka ya 1940 waliwawekea watoto weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu ila rangi. Wengi walimtaka mweupe, na walipoulizwa nani mbaya wakamwonyesha mweusi. Kisha wakaulizwa, haya, nani anafanana na wewe? Kuna waliotoka mbio wakilia. Utafiti huo ulifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ukatajwa katika hukumu ya mwaka 1954 iliyokataza kutenganisha shule kwa rangi. Na hao hawakuwa na runinga ya kutwa kucha.

Akanieleza pia kwamba wasomi wawili wa lugha wa hukohuko, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walihesabu nani anazungumza kiasi gani katika katuni za mabinti wafalme. Ile ya Aladdin ya mwaka 1992, wanaume wamepewa asilimia 90 ya maneno. Tisini! Njooni usiku wa hina hapa Langoni mkae nyuma ya pazia, halafu mniambie asilimia 90 ni ya nani. Na katuni hiyohiyo kijana mwema anazungumza Kimarekani, ndevu hana. Mbaya kavishwa kilemba na ndevu akaitwa Jafar. Wimbo wa kufungulia katuni hiyo ulikuwa na maneno ya kuwatukana Waarabu mpaka walipolalamika, yakabadilishwa mwaka 1993. Jina hawakubadilisha. Jirani yangu ana mtoto anaitwa Jaafar, kwa jina la Jaafar bin Abi Talib, sahaba wa Mtume, aliyesimama mbele ya Najashi, mfalme wa Habasha, akawatetea Waislamu. Wenzake wakimwona na kilemba cha Maulidi wanakimbia wakipiga kelele ati atawaroga.

Simwachii runinga lawama zote. Hapa kwetu Amu mtoto akizaliwa, tukishajua ni mwana mume au mwana mke, swali linalofuata ni rangi yake, na nywele ni za singa? Yule binamu mweupe mimi mwenyewe humwita "mzungu wangu." Nimelisikia likitoka mdomoni mwangu asubuhi ya pili yake, nikajing'ata ulimi.

Na mkitaka kujua watoto hao wakikua wanaishia wapi, kaeni na mimi wiki moja ya harusi. Bibi harusi analetwa nimpake, uso mweupe kama karatasi, viungo vya vidole vyeusi tititi, ngozi imekuwa nyembamba hadi naogopa kubonyeza. Krimu za kujichubua zenye zebaki zimepigwa marufuku nchini, lakini maduka yanaziuza mchana kweupe karibu na dawa ya meno. Hilo nalo hamliandiki. Mwana Kupona wa Pate alimwandikia bintiye utendi mnamo 1858. Alimwambia aoge, afunge nywele, atunge asumini, asiache hina wala wanja. Najua, najua, alimwambia pia amtii mumewe, na hapo wanangu hunicheka. Lakini huo wanja ni wa kutia matoni, haufuti uso.

Sasa nije kwenu. Ukurasa wenu wa watoto wa Jumamosi una picha ya kupaka rangi. Nimetoa magazeti kumi chini ya godoro nikahesabu: mabinti wafalme saba, wote nywele hadi kiunoni, pua kama ncha ya sindano. Mjukuu wangu huwapaka kwa ile kalamu ya waridi ambayo watoto wote hapa mtaani huiita "rangi ya ngozi." Kule Marekani Crayola waliliondoa jina hilo kwenye kalamu yao mwaka 1962, sisi bado tunalo.

Ombi langu ni dogo. Jumamosi ijayo chapeni msichana wa Amu, amekaa kwenye daka, nywele za mafundo sita (si matano, sita, ndivyo anavyosukwa mjukuu wangu), hina hadi kwenye kifundo cha mkono, na mdomo wazi, anasema kitu. Mchawi awe yeyote mpendaye. Na kama mchoraji wenu hajui nywele za mafundo zinavyochorwa, nitawachorea mimi kwa hina juu ya karatasi. Malipo ni yaleyale ya bibi harusi, mikono na miguu, na nusu hulipwa kabla.

Mpaka hina,
Langoni, Lamu