Lenzi za zamani zisidharauliwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwajibu wale wanaowaambia vijana wa Lamu kwamba kazi ya picha haianziki mpaka mtu anunue lenzi mpya, ambayo mara nyingi huwa ghali kuliko kamera yenyewe. Kijana aliye na kamera ya dijitali ya siku hizi, isiyo na kioo cha ndani, anaweza kuifunga lenzi iliyotengenezwa miaka 40 au 50 iliyopita kwa ajili ya filamu, akapiga picha ya bibi arusi au ya mlango wa nakshi ambayo mteja hatauliza imepigwa kwa kifaa gani.

Jambo hili linawezekana kwa sababu ya umbali ulioko baina ya mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, na kihisio kinachopokea mwanga. Kamera za filamu zenye kioo cha kupanda na kushuka zilihitaji nafasi kubwa: Nikon ya mfumo wa kufungia lenzi uitwao F, ulioanza mwaka wa 1959, ina milimita 46.5, na Canon FD ina 42. Kamera zisizo na kioo hazina haja ya nafasi hiyo, ndiyo maana Sony ya mfumo wa E ina milimita 18 na Nikon Z ina 16 tu. Pengo linalobaki hujazwa na adapta, ambayo kwa lenzi hizi si zaidi ya bomba fupi la chuma lisilo na lenzi ndani yake wala umeme, na bei yake ni ndogo. Mwenye Nikon ya dijitali ya aina ya zamani, yenye kioo, awe mwangalifu na zile lenzi za kuzungushwa kama skrubu zinazoitwa M42, kwani kwake pengo halipo, na vitu vya mbali vitatoka na ukungu isipokuwa adapta iwe na lenzi ndogo ya ziada ndani yake, ambayo aghalabu hupunguza ubora wa picha.

Lenzi ninayoipenda kuliko zote ni Helios 44 ya enzi ya Sovieti, yenye urefu wa fokasi wa milimita 58 (kipimo cha jinsi lenzi inavyovuta picha karibu), ambayo muundo wake ulitokana na Biotar ya Carl Zeiss ya Ujerumani. Ukilifungua tundu lake la mwanga lote, yaani hadi f/2, na kumweka mtu mbele ya mwarobaini, majani yaliyo nyuma yake huonekana kana kwamba yanamzunguka. Ukilipunguza tundu hilo hadi f/5.6 mbele ya mlango wa mtaa wa Mkomani, utaziona alama za patasi pembeni mwa maua yaliyochongwa. Ubaya wake ni jua. Vioo vya lenzi za zamani havikupakwa vizuizi vya mwako kama vya leo, na mwanga wa saa nane ukirudi kutoka kwenye ukuta wa chokaa, picha yote hupauka, kwa hivyo kofia ya lenzi ya kukinga jua, au hata kiganja cha mkono, ni lazima.

Fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, utaitafuta mwenyewe kwa kuzungusha pete ya lenzi. Kamera husaidia, kwa kuwa unaweza kuamuru kingo za vitu vilivyo katika fokasi zitiwe rangi kwenye skrini, au kuikuza sehemu ya jicho kwenye skrini kabla ya kupiga. Lakini kwanza ingia katika mipangilio na uiruhusu kamera ipige hata isipotambua kwamba ina lenzi, la sivyo huenda ikakataa na ukadhani imeharibika. Mzee aliyetulia barazani hana taabu. Mashindano ya punda wakati wa Maulidi ni shughuli nyingine: hapo chagua sehemu moja ya barabara ya pwani, weka fokasi yako hapo, kisha ngoja punda afike, akipenda kufika.

Kamera nyingi za bei ya chini zina kihisio cha APS-C, ambacho ni kidogo kuliko kipande cha filamu ya milimita 35, na hivyo lenzi ya milimita 50 huona kama ya milimita 75 hivi, yaani eneo finyu zaidi. Kwa sura za watu hilo ni jema, ila ndani ya nyumba zetu za kale, ambazo upana wa vyumba vyake uliwekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko, utajikuta umegandamana na ukuta wa nyuma na bado watu hawajaenea katika picha.

Adui mkubwa hapa pwani ni kuvu. Kabla ya kutoa pesa, lifungue tundu la lenzi hadi mwisho, washa tochi ya simu upande wa nyuma, kisha uchungulie kwa mbele ukiigeuza polepole. Vumbi kidogo halina neno, lakini ukiona nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Tazama pia kama vile vibati vya kupunguza mwanga hufunguka na kufunga upesi bila kung'ara kwa mafuta. Ukishainunua, usiihifadhi katika mkoba wake wa ngozi, kwa maana ngozi hushika unyevu. Iweke katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Ombi langu kwa wanaofundisha vijana upigaji picha katika kaunti hii ni kwamba watenge japo kipindi kimoja cha kutumia lenzi isiyojiendesha yenyewe. Na familia ambazo zingali na kamera za filamu sandukuni, za jamaa aliyekuwa na studio au aliyewapiga picha watalii, zisizitupe kwa kuwa filamu imekuwa adimu, bali zimwite kijana wa mtaani aje na tochi yake azikague, maana kuvu iliyoanza juujuu fundi huweza kuifuta, lakini ile iliyokwisha kuula mpako wa kinga ulio juu ya kioo huacha alama isiyotoka.

Mpiga picha,
Langoni, Lamu