"Borrow me your pen": mnaocheka, elezeni pia

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa wanafunzi wiki iliyopita ulimcheka kijana aliyeandika "borrow me your pen" badala ya "lend me your pen". Kosa ni kosa, sitetei. Ila miaka yote niliyoshika chaki sijaona kicheko kikimfundisha mtoto kitenzi.

Kosa hilo chimbuko lake ni Kiswahili chetu. Kitenzi azima kinakwenda pande mbili: anayetoa huazima, anayepokea naye huazima. Hatugongani kwa sababu kiambishi cha mtendewa kinatuonyesha njia. "Niazime jembe," hapo naomba, na hiyo ni- ndiyo mimi ninayepewa. "Nimeazima jembe kwa jirani," hapo ninalo tayari. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo ndani ya kitenzi, basi kazi kimewagawia wawili: borrow ni ya anayechukua, lend ni ya anayetoa. Mtoto aliyezoea kimoja huokota kile anachokisikia zaidi, akakitumia kotekote.

Na asili zao ni mbali kuliko wengi wanavyodhani. Kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, borrow ilikuwa borgian, iliyotokana na neno la dhamana au rehani. Aliyechukua kitu aliacha cha kumfunga. Lend nayo ilikuwa lænan, haina d. D hiyo iliingia baadaye kutoka umbo la wakati uliopita, ikang'ang'ania hadi leo. Jamaa yake loan, yaani mkopo, ililetwa na Waviking, mabaharia wa Skandinavia, na mpaka sasa wapo Waingereza wanaokunja uso wakisikia Mmarekani akiitumia kama kitenzi.

Sasa mtazameni Mjerumani. Ana borgen, ndugu wa damu wa borrow, naye huitumia kwa kukopa na kukopesha vilevile, kama sisi na azima. Hakuna anayemwita mbumbumbu.

Mwalimu anayetaka mtoto aelewe asianzie kwenye azima, aanzie kwenye kopa. Hata mtoto wa darasa la tatu anayetumwa dukani anajua kwamba mama anakopa unga na Mangi anakopesha. Hachanganyi hata siku moja. Borrow ikae na kopa, lend ikae na kopesha. Kile kiambishi -sh- kinafanya kazi ambayo Kiingereza kimeitafutia neno jingine zima. Kisha atungiwe sentensi zenye watu: nani ana kalamu sasa, nani anaitaka, itahama kutoka kwa nani kwenda kwa nani.

Tena tusijidharau. Wazee wetu walitofautisha jambo ambalo borrow hailigusi kabisa. Jembe unaliazima, kwa kuwa utarudisha jembe lilelile. Unga unaukopa, kwa kuwa ule utakuwa umeliwa na utarudisha mwingine wa kipimo hicho. Najua mjini siku hizi ni "niazime elfu tano", na noti itakayorudi, kama itarudi, si ile. Lakini tofauti bado ipo kwa anayejali, na kwa Mwingereza yote mawili ni borrow tu.

Naomba toleo lijalo ukurasa huo urudie sentensi ya kijana yule, safari hii ikiwa na maelezo chini yake. Nafasi ya mistari kumi inatosha.

Mwalimu mstaafu,
Tanga